Kaka Rajabu, Ruta Zako Hazikuwa Mbovu

Kaka Rajabu,

Zuhura hajambo. Naanza na yeye kwa sababu ndivyo ungeanza wewe. Kabla ya kuuliza mitambo imelalaje, kabla ya kuniuliza kama nimekunywa chai, ungeuliza, "Mwanangu yukoje?" Amerefuka, sare ya shule inambana mabegani. Anakaa na bibi yake pale Ipuli ili asihame shule. Wifi Asha alipotoka eda alirudi kwenye kituo chake cha afya Ulyankulu, maana wajawazito hawangoji mtu amalize kulia. Mlango wa uani, ule uliokuwa ukisema kila wiki kwamba utaurekebisha Jumamosi, umerekebishwa na fundi. Unafungika vizuri sasa. Mama yako anasema hauzoei, anaukosa ule mlio wake.

Mvua zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja. Ofisini wamepaka rangi. Kiti chako nilikikalia mimi.

Sijaja kukuzuru kaburini tangu siku zile za msiba. Mama yako aliponiuliza nilimjibu, "Mimi Mmoraviani, mama, sijui taratibu zenu, naogopa kukosea." Akasema mbona nimekula Idi zote nyumbani kwake na sijawahi kukosea njia ya kwenda jikoni. Tukacheka. Lakini sikuwa nimemwambia kweli, na nadhani aliona. Naona aibu kuja, kaka. Kwenye karatasi angalau sitazamwi, ndiyo maana nakuandikia.

Nikuambie toka mwanzo, usije ukayasikia vipandevipande.

Unakumbuka siku tulipofunga mtambo kwenye ile zahanati ya ndani kabisa, Sikonge, kwa muuguzi Pili? Tulifika tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Njiani ulikuwa umeninunulia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukawa tunatafuna juu ya pikipiki mpaka ukakaribia kutuingiza kwenye shina la mninga. Pili alikuwa na shaka. Alitaka kujua itakuwaje mwalimu azungumze pale chuoni Tabora mjini, na wakunga wa vituo vyote wamwone na kumsikia kwa wakati mmoja, Sikonge, Urambo, Ulyankulu, kote huko. Ukachuchumaa ukachora chini kwa kijiti.

"Mwalimu anasema mara moja tu," ulimwambia. "Sauti na picha vinatoka mjini vikiwa kitu kimoja. Vikifika njia panda, ruta, hiki kisanduku cha kuelekeza mtandao, inauliza, upande huu kuna anayetaka kusikia? Kama yupo, inatoa nakala na kuipitisha. Kama hayupo, inanyamaza."

Pili akauliza kwa nini usimtumie kila mtu ya kwake.

"Njia yetu nyembamba, dada. Minara yetu haiwezi kubeba mizigo kumi ya kitu kilekile." Halafu ukashindwa kujizuia, ukaongeza kwamba babu wa babu yako alibeba pembe kwa miguu kutoka Tabora hadi Ujiji, na kama kungekuwa na ruta njiani mgongo wake ungepona. Pili alicheka sana. Toka siku hiyo hakukosa somo hata moja.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika nyaya. Nilitoka kwetu Sikonge na cheti changu, sijawahi kushika ruta yenye vumbi. Wewe ndiye ulinifanya fundi. Mbele ya watu ulikuwa ukisema, "Huyu ni mdogo wangu, muulizeni yeye," hata pale ulipojua kwamba silijui jibu, ili nilitafute.

Halafu Ijumaa ile ukarudi kutoka msikitini, ukasema kichwa kinakuuma, ukaomba maji.

Sitaandika hiyo. Unaijua.

Mkuu wa chuo aliniita baada ya arobaini yako. Akasema nafasi yako nitaishika mimi kwa muda wakiangalia. Hilo neno "wakiangalia" lilinikaa shingoni. Mhasibu alisema koridoni, sauti ya kutosha kunifikia, kwamba minara na wanawake wapi na wapi. Nilijiambia, Jenista, hapa hutakiwi kukosea. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Ruta mpya zilifika muhula ukikaribia kufunguliwa. Nzuri kweli, kaka, ungezishika ukazigeuzageuza kama mtu anayechagua papai. Zilitosha mjini na kwenye vituo viwili vya karibu tu. Huko mbali zingebaki zile zako za zamani, zinazokaa na umeme wa jua, zinazovumilia joto na mijusi. Mkuu alitaka muhula ufunguliwe na mitambo mipya, na wageni wangekuwepo. Kwa hiyo nikaketi kupanga.

Nilifungua mpangilio wa ruta yako kubwa ya zamani ili nihamishe vitu. Kwenye zile njia zinazotazama vituo vya mbali nilikuta mistari yako ya kuilazimisha ruta itumie toleo la kwanza la lugha ambayo ruta huongea zikigawana matangazo. Toleo la kwanza. Nilikumbuka chuoni tulifundishwa la pili, la kwanza likatajwa kama jambo la wazee waliokwisha kufa. Nikaona kwamba hii ni takataka iliyosahauliwa. Nikaiacha nje ya mpangilio mpya. Nikapanga kila kitu upya, kisafi, toleo la pili kila mahali, nikafurahia jinsi ukurasa ulivyonyooka.

Ulikuwa umenifundisha kwamba kabla ya kubadili ruta niulize kwanza majirani zake. Sikuuliza. Sikwenda hata kituo kimoja. Nilijaribu ndani ya jengo la chuo na kwenye vile vituo viwili vyenye ruta mpya, picha ikawa safi kama maji ya kisima. Mkuu alinipa mkono mbele ya wageni.

Siku ya somo la kwanza simu zikaanza. Sikonge hakuna kitu. Urambo hakuna kitu. Ulyankulu, kwa Wifi, kioo cheusi. Nilipojaribu kuwafikia kwa njia ya kawaida waliitika vizuri tu, barua pepe zao zinafika, simu za mtandao zinapita. Somo ndilo lililokuwa halifiki. Nikawatumia kila kituo nakala yake peke yake, kama alivyouliza Pili, na ikawa kama ulivyomjibu. Minara ikaelemewa, sauti ya mwalimu ikawa inakatika kama mtu mwenye kwikwi, hata vile vituo vya karibu vikapoteza picha. Nikazima.

Masomo mawili yakapita hivyo. La pili lilikuwa la kumsaidia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Unajua Wifi alivyokuwa akilingojea lile somo.

Mkuu akaitisha kikao. Wawakilishi wa vituo walikuja, wengine kwa basi, wengine kwa lori la tumbaku. Wifi Asha alikuja kwa niaba ya Ulyankulu. Alikaa safu ya nyuma, mtandio mweusi, akanipungia mkono kidogo kama anayempa moyo mdogo wake. Mkuu akasema, "Jenista, waeleze watu tatizo ni nini."

Sikulijua tatizo, kaka. Hiyo ndiyo kweli nzima. Nilipaswa kusema sijui, nipeni siku chache. Lakini mhasibu alikuwa ameegemea ukuta akitabasamu, na Mkuu alikuwa ananitazama, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Nikasema, "Tatizo ni ruta tulizorithi kwa marehemu. Ni mbovu. Alikuwa akiziunga kwa viraka ili zionekane zinafanya kazi. Sasa mtambo wa kweli umekuja, viraka vimeachia."

Viraka. Nililitafuta neno hilo mwenyewe, hakunipa mtu.

Kisha mzee mmoja wa Urambo akasema, "Kumbe Rajabu alikuwa anatudanganya," akatikisa kichwa kwa huruma zaidi kuliko hasira. Mwingine akasema marehemu hasemwi vibaya, lakini ukweli lazima usemwe. Nilimtazama Wifi. Alikuwa ameinamisha kichwa anakunja ncha ya mtandio, anakunja na kukunjua. Aliendelea hivyo mpaka kikao kikaisha.

Mkuu akaamua kwamba vituo vya mbali visitishiwe mafunzo mpaka vitakapopatikana vifaa, na mimi nikazing'oe zile ruta na kuzirudisha mjini. Wakunga wa mbali wangepoteza muhula mzima. Wifi akiwa mmoja wao. Nilipotoka nje alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Ipuli. Sikumfuata.

Nilianza kung'oa kwa Pili. Nilifika mchana, jua kali, mgonjwa mmoja tu kibarazani akinyonyesha. Pili alinipokea vizuri. "Mwadila, dada," alinisalimia kwa Kinyamwezi, nikamwitikia, akaniletea maji. Kisha akaniambia kwa upole, "Kabla hujaing'oa, naomba uitazame kwanza. Taa zake zinawaka kama siku zote. Rajabu angeitazama kwanza."

Sikupenda kuambiwa hivyo. Lakini nilichomeka kompyuta, nikaanza kusikiliza kinachopita kwenye waya, zaidi kwa kumridhisha yeye.

Ruta yako ilikuwa hai, kaka. Kila baada ya muda mfupi ilikuwa inatuma ujumbe wake wa kutafuta majirani, ule wa toleo la kwanza, bila kuchoka. Kuna mtu huko? Kuna mtu huko? Ujumbe ulikuwa unapanda mnarani, unafika mjini salama kabisa, na ruta yangu mpya ilikuwa inaupokea na kuutupa kwa sababu niliiambia ielewe toleo la pili tu. Na ya kwangu nayo ilikuwa inatuma salamu zake za toleo la pili, na hii ya zamani haikuzifahamu. Kila moja ilidhani iko peke yake. Na kwa kuwa ruta ya mjini iliona haina jirani upande huo, haikupitisha somo. Ilifanya kama ulivyosema, kama hakuna anayetaka kusikia, inanyamaza.

Niliangalia tena na tena, nikitumaini nimesoma vibaya. Kisha nikaikumbuka mistari niliyoiacha. Hukuwa umeisahau mle. Uliiweka kwa kila njia inayoelekea kwa jirani wa zamani, hukugusa nyingine. Nilihisi joto linanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Pili akaniuliza kama nataka kukaa kivulini. Nilimwambia ndiyo, ni jua. Halikuwa jua.

Sikuing'oa. Nilimwambia angoje, nikarudi mjini na mikono mitupu.

Kurekebisha kwenyewe hakukuwa kazi ya kujisifia. Toleo la kwanza lilikuwamo kwenye ruta mpya, linangoja kuruhusiwa tu. Nikaliruhusu kwenye kila njia inayotazama kituo cha mbali, la pili likabaki kwa wale wapya. Majirani wakaonekana mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo somo halikupita. Nikagundua kwamba mpya na za zamani zilikuwa na njia tofauti za kuelezana ni ruta ipi ya kukutania, pale mwalimu na wasikilizaji wanapounganishwa kwanza. Nikaandika anwani ya ruta hiyo ya kukutania kwa mkono kwenye kila moja, mpya na za zamani, zisibahatishe. Asubuhi iliyofuata Pili alinipigia simu akiwa anamsikia mwalimu kwa nyuma. Urambo wakapiga. Ulyankulu nako kukafunguka, lakini kutoka huko aliyenipigia alikuwa msaidizi wa kituo. Wifi hakupiga.

Sasa nisikilize vizuri, kaka, maana hapa ndipo ninapoona haya kuliko pote. Kutojua ningeweza kusamehewa. Lakini siku ile nilikwisha kujua.

Mkuu alikuja ofisini na nusu ya walimu. Akasema, "Huyu binti ameyafufua mavyuma ya Rajabu." Watu wakapiga makofi. Mhasibu mwenyewe akanipa mkono. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale kwamba mavyuma hayakufa. Nikasema, "Tunamshukuru Mungu." Nikamtia Mungu kwenye uongo wangu. Vituo vya mbali vikarudishwa kwenye mafunzo, nafasi yangu ikathibitishwa, lile neno la kuangaliwa likafutwa, na wewe ukabaki huko ulipo ukiwa fundi wa viraka.

Nilikaa hivyo siku kadhaa. Nilikuwa nakula, nalala, naitikia salamu. Mtu akilitaja jina lako nilikuwa natafuta kitu cha kuinamia.

Kisha Wifi Asha akaja. Alikuja mjini kumwona Zuhura, akapita kwangu jioni kabla ya magharibi, na dumu dogo la asali ya nyuki wadogo. Nilimkaribisha ndani, akakataa kiti, akakaa mkekani kama alivyozoea. Akaniambia wamelirudia lile somo la damu na amelielewa vyema. Akaulizia afya ya mama yangu. Halafu akasukuma dumu kuelekea kwangu.

"Hii asali ni shukrani," alisema. "Nimesikia ulivyohangaika na mitambo ya mwenzangu. Ungeweza kuiacha watu waone aibu yake yote. Umemsitiri. Mungu akusitiri na wewe."

Nilitaka ardhi ipasuke. Sikuweza kuligusa lile dumu.

"Zuhura aliambiwa shuleni kwamba baba yake alikuwa anawauzia watu vitu vibovu," aliendelea, sauti yake imetulia kabisa. "Mtoto wa mwalimu mmoja wa chuo ndiye aliyemwambia. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia baba yako alikuwa mtu mzuri, lakini kila mtu ana mahali alipokosea, tumwombee. Nilikuwa sina jibu jingine. Wewe ndiye unayeijua kazi, na wewe ndiye uliyesema."

Hapo nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka yakigongana. Nikamwambia ruta zako hazikuwa mbovu hata siku moja, kwamba ulikuwa umezitengenezea njia ya kusikilizana na mimi nikaifuta kwa sababu sikuielewa, kwamba kwenye kikao nilisema nisichokijua, na baadaye nilipokijua nikanyamaza kwa sababu ya makofi. Nilikuwa nimepiga magoti bila kujijua.

Hakunifokea. Bora angenifokea. Aliyatazama magoti yangu muda mrefu.

"Kwa hiyo nimemwambia mwanangu uongo juu ya baba yake," alisema. "Kwa kinywa changu mwenyewe."

Nikamwambia, "Nisamehe, wifi."

"Usiniombe mimi hapa ndani. Ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu." Akavaa viatu vyake mlangoni. Dumu aliliacha, nadhani kwa sababu hakutaka kulishika tena.

Nilimfuata Mkuu asubuhi yake. Nilimweleza. Akakuna kidevu, akasema mambo yamekwisha, vituo vinafanya kazi, kwa nini nichafue jina la idara sasa hivi. "Marehemu hajui," aliniambia. "Wewe una maisha mbele." Nikamwomba aitishe kikao. Akasema hakuna kikao, watu wana kazi.

Basi somo lilipokuwa linakaribia kuanza, vituo vyote vikiwa vimeunganishwa, nilimwomba mwalimu dakika chache. Alidhani nataka kutangaza habari ya mitambo. Nikakaa kwenye kiti chake, mbele ya kamera. Kwenye kioo niliona vituo vimejiorodhesha, vya karibu na vya mbali. Nilijua sauti yangu itatoka pale mara moja tu, na itawafikia wote.

Nikasema jina langu. Nikasema, "Kwenye kikao niliwaambia kwamba ruta alizotuachia Rajabu ni mbovu na kwamba alikuwa akiwadanganya kwa viraka. Haikuwa kweli. Ruta zake ni nzima, na ndizo zinazowaletea sauti hii sasa hivi. Aliyekosea ni mimi. Nilifuta mpangilio wake kwa kutojua, nikamsingizia kwa kuogopa, na nilipojua ukweli nilikaa kimya nikapokea sifa. Mliomsema vibaya, mlisema kwa sababu yangu. Naombeni mumrudishie jina lake. Na aliye karibu na mtoto wake amwambie."

Nilikuwa nimejiandaa kusema zaidi, juu yako, juu ya matobolwa na kijiti na mchoro. Nikayaacha. Nikainuka. Mwalimu akarudi kitini, akafungua kitabu chake na kuendelea na somo, na nilimshukuru kwa hilo.

Mkuu alikasirika. Kiti chako si changu tena, wameleta kijana wa kutoka Dar, mtaratibu, mwenye adabu, anayesema "poa" kwa kila jambo. Mimi nimerudishwa kushika nyaya chini yake. Mhasibu sasa ana hadithi ya kutosha kula nayo chakula cha mchana. Kanisani, mama mmoja alinishika mkono akaniambia nimefanya jambo jema, na nikaona aibu upya, maana jema gani, kaka, la kurudisha nilichoiba? Watu wanapenda kumsifu mwizi anayerudisha kuliko mwenye mali aliyekaa bila mali.

Yule mzee wa Urambo alinipigia simu. Alisema, "Nilimtamkia Rajabu neno baya. Nimemwombea dua leo." Akakata.

Wifi Asha hajanisamehe. Nakuambia ili usije ukadhani mambo yamekaa sawa. Ananiitikia salamu, ananiita dada sasa, haniiti wifi. Lakini alimleta Zuhura ofisini wiki iliyopita, akasimama mlangoni, akamwambia, "Muulize shangazi yako kazi ya baba yako ilikuwa nini hasa." Akatoka akakaa nje kwenye benchi.

Zuhura hakunirahisishia. Aliniuliza kwanza, "Shangazi, kwa nini ulisema ni mbovu?" Nikamwambia kwa sababu niliogopa watu watagundua kwamba sijui. Akasema, "Mimi pia nikiogopa nasema uongo, lakini juu yangu mimi, siyo juu ya mtu mwingine." Ana ulimi wako, huyo mtoto. Kisha nikamwonyesha kwenye kioo majirani wote, wa toleo la kwanza na wa toleo la pili, wakiwa wamejipanga, na nikamwonyesha ile mistari ambayo sasa nimeirudisha, na nikamwambia hii aliiandika baba yako ili walio mbali wasiachwe nje. Aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, bila kuelewa, mpaka mwisho. Halafu akaomba aisome tena.

Nilimwangalia, nikalia, na sikujificha.

Kaka, ruta hizo hazitaishi milele. Jana moja ya Urambo ilizimika kwa joto, tukaiamsha kwa shida. Siku moja zitabadilishwa zote, na toleo la kwanza litafutwa kweli kweli, kwa haki, kwa sababu hakutabaki jirani anayelihitaji. Hadi siku hiyo nitakwenda kituo kwa kituo kuziangalia mwenyewe, hata nikitumwa na kijana wa Dar. Nitakuja na kaburini. Mama yako amesema atanisindikiza, nisizunguke tena na maneno ya Umoraviani.

Mwenyezi Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko, akufungulie nuru, akulaze na wema waliotangulia. Mimi naagana nawe hapa, na ahadi yangu ni hii moja: sitalitaja tena jina lako mahali usipoweza kunijibu, isipokuwa kwa neno ambalo ningeweza kulisema ukiwa umekaa mbele yangu, unanitazama usoni.

Mdogo wako,
Jenista